Wali wa Jumamosi, watoto wakatapika Jumapili: ni mkono wa mtu au ni chakula chenyewe?

MamaNeema_Kadutu

Jambo kwenu wote. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Bukavu, upande wa Kadutu. Naandika kwa sababu kwetu kuna jambo linataka kuvunja ukoo, na nataka kuujua ukweli wake kabla halijavunja.

Jumapili mbili zilizopita binti yangu wa pili alipata komunio ya kwanza. Tuliita watu arobaini, wakaja hamsini na zaidi. Misa ilianza saa tatu asubuhi, na misa ya komunio mnaijua, mpaka picha ziishe na watu wapande mlima kurudi nyumbani ni saa saba. Nikasema nipike mapema ili wageni wasikae na njaa. Jumamosi jioni tukawasha mbabula tatu, majiko ya makala, uani, mimi na wifi yangu, mke wa kaka yangu. Mchele kilo kumi, sufuria mbili kubwa za kuazima. Ukaiva vizuri, kila punje peke yake. Saa mbili usiku tukafunika sufuria, tukazizungushia blanketi mbili, tukaziweka pembeni ya kitanda ili wali usipoe. Mama yangu alikuwa akifanya hivyo kwa chakula cha baba akichelewa kazini, ndiko nilikojifunza.

Nyama ya ng'ombe, kilo nane, niliipika na mchuzi ndani ya chungu kimoja. Iliiva saa nne usiku nikaiacha palepale juu ya mbabula, makala yanazimika yenyewe. Frigo sina. Jirani anayo, lakini umeme kwetu unakuja siku tatu na kupotea nne, hata frigo yake imekuwa kabati.

Jumapili alfajiri nikabandika sombe, majani ya muhogo, maana tulikuwa tumeyatwanga tayari, yakachemka mpaka tuliporudi. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zilikaangwa watu wakiwa wamefika, na bugali akasonga jirani papo hapo. Wali nikaunyunyizia maji kidogo na mafuta, nikaufunika mpaka mvuke ukatoka. Nyama nikaichochea moto mpaka mchuzi ukatokota pembeni. Saa nane watu wakala.

Saa kumi na nusu mtoto wa kwanza akatapika. Nikafikiri ni soda. Kabla ya jua kuzama walikuwa kumi na mmoja, tisa kati yao watoto, wanatapika mmoja baada ya mwingine, kuna aliyekuwa bado na gauni lake jeupe. Usiku wa manane watu wazima watatu wakaanza kuumwa tumbo na kuharisha. Majirani walileta maziwa, wengine mafuta ya mawese, wakawanywesha watoto ili sumu itoke. Mtoto mmoja alitiwa seromu kwenye kituo cha afya. Jumatatu jioni wote walikuwa wamepona, namshukuru Mungu.

Sasa shangazi yetu, dada ya baba, akasimama mbele ya watu akasema: hii ni karuho, sumu ya kuwekewa na mtu. Akamtaja wifi yangu. Kwa nini? Kwa sababu ndiye aliyepakua wali, na yeye mwenyewe hakula, aliondoka mapema maana mtoto wake mchanga alikuwa na homa. Toka siku ile wifi haji kwangu. Kaka yangu hashiki simu yangu. Na huku kwetu, mtu akishabandikwa jina hilo, mnajua anakoweza kufikishwa.

Naomba mwenye elimu anijibu. Wali haukunuka. Niliuonja asubuhi, ulikuwa mtamu. Ulipikwa ukaiva, ukapashwa tena mpaka mvuke. Chakula kilichopita motoni mara mbili kinaweza kudhuru watu hivi bila mkono wa mtu?


Infirmie_Ibanda

Mama Neema, pole sana, na pole kwa wifi yako.

Mimi ni muganga, yaani muuguzi, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na nne. Kabla sijasema lolote nakuomba kitu kimoja. Chukua daftari, upige simu, uandike: nani aliumwa, alikula nini, alianza saa ngapi. Na wale ambao hawakuumwa nao uwaandike, walikula nini. Hao wazima ndio watakaotuonyesha njia.


MzeeWaBagira

Binti yangu, nisamehe nikusemeshe kama mzee. Sisi tulikula chakula cha jana toka utoto wetu na hatukutapika. Karuho ipo, na wanaosema haipo ni watoto wa juzi. Chunguzeni watu wenu vizuri.


MamaNeema_Kadutu

Mzee, nimekusikia, nakuheshimu.

Muganga, nimefanya ulivyosema, imenichukua siku mbili. Nimepata watu thelathini na nne.

Waliotapika ni kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walikula wali. Watoto watatu walikula wali na mchuzi wa juu tu, nyama hawakugusa. Wa mwanzo alianza saa mbili na nusu baada ya kula, wa mwisho kama saa nne baada ya kula.

Wale watatu wa usiku ni wanaume waliochelewa kufika. Walikuta wali unakaribia kwisha, wawili kati yao hawakuupata kabisa, wakala bugali na nyama ya chini ya chungu. Waliamka kati ya saa sita na saa tisa usiku.

Baba mkwe wangu alikula bugali, sombe na sambaza, kwa sababu nyama inamsumbua meno. Hakuumwa. Wazee wengine watano waliokula kama yeye hawakuumwa.

Na jambo moja limenikosesha usingizi: nyama hakupakua wifi. Chungu cha nyama alikisimamia shangazi mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho.


Infirmie_Ibanda

Aksanti, Mama Neema. Ulichofanya ndicho wanachofanya watu wa afya wakiitwa kwenye karamu kama hiyo. Soma polepole, nitakuwa mrefu.

Kwako hapakuwa na ugonjwa mmoja. Palikuwa na mbili, kila mmoja na sufuria yake.

Tuanze na wali. Mpunga unaota udongoni, na udongoni kuna kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus. Kikibanwa na hali ngumu, kinajifungia ndani ya ganda kama mbegu inayongoja mvua. Ganda hilo tunaliita spora. Ukiosha mchele halitoki lote, na maji yanayochemka hayaliui. Sisi huku tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharagi yanatumalizia makala. Lakini mlima hauna kosa katika hili. Hata kule pwani, spora zinapona ndani ya wali.

Kwa hiyo saa mbili usiku, ulipofunika, wali wako ulikuwa umeiva kweli, na spora zilikuwa zimelala ndani yake. Wali ukianza kuwa wa vuguvugu, spora zinaamka, zinaota, vijidudu vinazaana. Chakula kiko salama kikiwa cha moto zaidi ya nyuzi 60, au baridi chini ya nyuzi 5. Katikati hapo ndipo vinapojenga. Blanketi halikuweza kuuweka wali juu ya 60 usiku kucha. Lilichofanya ni kuuzuia usipoe upesi, ukabaki vuguvugu saa nyingi sana, kama kifaranga chini ya mama yake. Toka saa mbili usiku mpaka saa nane mchana ni saa kumi na nane. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye hewa ya kawaida zaidi ya saa mbili.

Na hapa ndipo penye jibu la swali lako. Kijidudu hiki kinapozaana ndani ya wali, kinaacha sumu ndani ya wali wenyewe. Ulipoupasha uliua vijidudu, lakini sumu ilibaki. Moto wa jikoni hauivunji, hata uchemshe saa nzima. Haina harufu, haina ladha, haibadilishi rangi. Mtu akiila, anatapika kati ya nusu saa na saa sita, kisha kwa kawaida anapona ndani ya siku moja. Linganisha na daftari lako.

Tuje kwa nyama. Huyu ni mwingine, Clostridium perfringens. Naye ana spora zinazovumilia kuchemka, na anapenda mahali pasipo hewa, yaani katikati na chini ya chungu kikubwa cha nyama kinachopoa polepole. Akipata joto analolipenda, kama nyuzi 43 mpaka 47, anaweza kuzaana mara mbili kila dakika kumi. Yeye hangoji kuacha sumu chunguni. Analiwa akiwa hai, kwa wingi, na sumu anaitengenezea tumboni. Ndiyo maana anachelewa, saa sita mpaka ishirini na nne, na anakuja na msokoto wa tumbo na kuharisha, mara chache kutapika. Huyu moto wa pili ungemuua, kama chungu chote kingetokota mpaka katikati huku kikigeuzwa. Wewe umeandika kwamba mchuzi ulitokota pembeni. Kilo nane za nyama katika chungu kimoja, pembeni panachemka na katikati panabaki vuguvugu. Wanaume watatu wakala ya chini.

Chakula hakikupelekwa maabara, kwa hiyo siwezi kukupa karatasi yenye muhuri. Lakini saa zako, sufuria zako na watu wako vinasema kitu kimoja. Kutapika upesi namna hiyo kunaweza pia kuletwa na kijidudu kinachokaa puani na kwenye vidonda vya mikono, Staphylococcus aureus, anayeingia chakula kilichoiva kikishikwashikwa. Naye sumu yake haiogopi moto. Wali wako pengine ulipitia yote mawili. Kwa vyovyote, mtu aliyesimama juu ya sufuria ya wali hakuweza kuwafikia wanaume waliokula bugali na nyama.

Mzee wa Bagira, jambo baba. Sikatai kwamba duniani kuna watu wabaya. Ila chakula cha jana cha wakati wenu nakikumbuka kwa bibi yangu kule Walungu. Kilikuwa chungu kidogo cha watu sita, kikiliwa usiku uleule na kubaki kijiko. Kilichobaki kilikuwa kiporo cha bugali kilichochomwa kwenye majivu, au mashanza, maziwa yaliyogandishwa kwa kuchacha, ambayo uchachu wake unazuia vijidudu vingi. Hawakufunga kilo kumi za wali ndani ya blanketi.

Mawili ya mwisho, nayasema kwa uchungu kwa sababu nayaona kila mwezi. Mtoto anayetapika asinyweshwe mafuta ya mawese, wala maziwa ya kumtapisha zaidi. Mafuta yanaweza kupita njia ya pumzi yakaingia mapafuni, na hapo unakuwa umeongeza ugonjwa wa pili mbaya kuliko wa kwanza. Mpe maji ya chumvi na sukari. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyopigwa usawa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Onja: kama yana chumvi kuliko machozi, mwaga uanze tena. Mpe kijiko kimoja kimoja, akitapika ungoje dakika kumi uendelee. Mtoto mchanga aendelee kunyonya.

Ukimwona amelegea, macho yameingia ndani, hakojoi, hawezi kunywa, ana damu kwenye choo, au choo ni maji meupe kama yaliyooshea mchele, usikae nyumbani hata kidogo. Hayo ya mwisho ni dalili ya kolera, na kolera inaweza kumaliza mtu kwa saa chache.


DaZawadi_Malewa

Yaya Neema, mimi nina malewa, mgahawa mdogo, karibu na soko la Nyawera, mwaka wa tisa huu. Nimesoma nikalia, kwa sababu nami nilishawahi kuuguza watu. Mwaka wa kwanza nilipasha maharagi ya juzi, wateja wanne wakaharisha. Nililipa dawa zao wote, na nikakaa wiki mbili nimefunga mlango. Tangu hapo nina kanuni zangu, na karibu zote ni za kupanga saa.

Wali haupikwi jana. Hata kama ni harusi. Wali ndio wa mwisho kuingia motoni. Na usipike kilo kumi katika sufuria mbili, gawa katika sufuria nne za kilo mbili na nusu. Zinaiva upesi, na kila moja inafunguliwa ile nyingine ikiisha, kwa hiyo hakuna wali unaokaa wazi mchana mzima. Mtu mmoja tu asikose misa bure: mwombe jirani asiye na mtoto wa komunio, umlipe, aanze mchele saa tano.

Kazi ya Jumamosi ipo, ila si ya kupika. Chambua mchele ukiwa mkavu. Menya vitunguu saumu, twanga sombe, loweka maharagi, osha sahani, panga makala. Nyama mimi nainunua asubuhi, wachinjaji wanafungua mapema, saa kumi na mbili iko motoni na haizimiwi moto mpaka iliwe. Ndiyo, makala mengi yanakwenda, najua bei yake. Lakini hesabu seromu ya mtoto mmoja.

Chakula kinachongoja watu ninakiacha juu ya makala madogo, kifuniko kimeachwa wazi kidogo ili nione. Mvuke lazima utoke muda wote. Mvuke ukikatika naongeza makala, sina mjadala. Ukiweza kutia kidole kwenye mchuzi ukakiacha humo, ujue umekwisha ingia pale muganga alipopataja.

Na kikibaki? Usikifunike kikiwa kwenye chungu. Mimi ninakimwaga kwenye sinia pana, kimo cha vidole viwili, naweka sinia juu ya beseni la maji baridi, nakitandika chandarua. Kwa nusu saa kinakuwa baridi. Kama frigo ina umeme kinaingia, kama haina kinagawanywa kwa majirani jioni hiyohiyo kikaliwe. Usingoje asubuhi. Baridi ya usiku wa Bukavu inatudanganya, tunaiona kama frigo, na si frigo.

Mwenye frigo naye asijiamini. Umeme ukikatika usifungue mlango ovyo. Frigo iliyofungwa inashika baridi kama saa nne. Kongelateri iliyojaa inafika siku mbili, iliyo nusu inafika siku moja. Mimi ndani ya kongelateri nina kikombe cha maji yaliyoganda, na juu ya barafu nimeweka kijiwe. Nikirudi nikakuta kijiwe kimezama, najua iliyeyuka ikaganda tena nisipokuwepo, na samaki waliomo siwauzi. Kijiwe kikiwa juu, tuko salama. Alinifundisha mama mmoja muuza thomson, wale samaki wa kugandishwa wa katoni, na ni kitu cha bure.

Kuhusu kibao cha kukatia: nina viwili. Cha nyama mbichi nimekichoma tundu kwa msumari wa moto pembeni, ili hata msichana mgeni asikosee. Mboga za kuliwa mbichi hazigusi kile chenye tundu. Na kuku mbichi simuoshi tena kwenye beseni, maji yale yanaruka mpaka kwenye sahani safi. Anaenda sufuriani moja kwa moja, moto ndio utakaomsafisha.


Kaka_wa_Himbi

Naandika toka Goma. Mama Neema, hili la karuho limenigusa, kwa sababu mimi ndiye niliyemshitaki mtu.

Mwaka jana nilikula thomson kwa rafiki. Haikupita nusu saa uso ukawaka moto, macho mekundu, kichwa kinapasuka, moyo unakimbia, ngozi yote inawasha. Nikamwambia mke wangu: wamenimaliza. Nikataja jina la rafiki yangu kwa sauti. Daktari akaniuliza jambo moja tu: ulikula samaki gani? Akanieleza kwamba thomson na jamaa zake, wakikaa nje ya baridi, nyama yao inajaa kitu kinachoitwa histamini. Samaki akigandishwa tena, histamini haitoki. Akikaangwa mpaka awe mkavu, haitoki. Alinipa dawa ya mzio, baada ya saa chache nikawa mzima. Rafiki yangu alikuwa amewanunua sokoni jua likiwa kali, katoni imeshalowa maji.

Sasa mimi nikimwona muuzaji wa thomson, natazama katoni kwanza. Ikiwa laini na inachuruzika, napita. Barafu iliyoganda chini ya katoni pamoja na damu inamaanisha aliyeyuka akaganda. Na ukila samaki ukasikia ulimi unachoma kama pilipili na pilipili haimo, tema.

Kingine ni maji. Sisi wa Goma tunachota ziwani, pale Kituku na kwingine, na wale vijana wanaosimama na bomba la sindano wanatia klorini ndani ya bidoni. Wengi tunafika nyumbani tunayatumia palepale. Ngojeni nusu saa, klorini inahitaji muda wa kufanya kazi. Na maji hayohayo ndiyo ya kuoshea mikono, nyanya, na vikombe vya wageni, si ya kunywa peke yake. Mji wetu ulizika makumi ya maelfu ya watu kwa kolera na kuhara damu mwaka 1994 katika kambi za wakimbizi, hatuna haki ya kusahau.

Kwa rafiki yangu nilikwenda kuomba msamaha. Alinisamehe, lakini ilimchukua miezi. Wewe nenda mapema.


MamaNeema_Kadutu

Aksanti wote. Aksanti muganga, aksanti Da Zawadi, na wewe kaka wa Goma. Mzee, nawe aksanti, bila neno lako muganga asingelieleza lile la chungu kidogo, na ndilo lililomwingia shangazi.

Jumatano nilishuka Panzi kwa kaka yangu bila kupiga simu. Nilichukua daftari na hii simu. Nikawasomea yote, wifi amekaa na mtoto mapajani, kaka amesimama mlangoni kama mtu anayetaka kutoka. Nilipofika kwenye blanketi nikasema: blanketi lilikuwa wazo langu. Wewe ulitaka tupike asubuhi, mimi nikakataa. Alikuwa amesema hivyo kweli, Jumamosi ile, na nilikuwa nimesahau mpaka nilipofungua kinywa. Hakujibu. Alinipa mtoto nimshike akaenda kupika chai.

Kwa shangazi nilikwenda na kaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipomwambia kuhusu wanaume watatu na chungu cha nyama, akauliza, «Na nyama nayo?» Nikasema ndiyo, na nyama. Akakaa kimya muda mrefu, akiangalia mikono yake. Bado hajaenda Panzi kuomba msamaha. Lakini jana kwenye mkutano wa akina mama wa shirika, mtu alipoanza kulitaja neno lile, yeye ndiye aliyemkatiza.

Sasa naomba msaada mwingine. Jumamosi hii mtoto wa wifi anabatizwa, watu kama thelathini, na amenitaka mimi nipike wali. Ubatizo ni saa nne, kula ni saa saba. Nimepata jirani wa kuwasha mbabula saa tano. Nyama tutanunua asubuhi ileile, wifi mwenyewe atakwenda sokoni. Sufuria ndogo ninazo tatu, sinia pana ninayo moja. Da Zawadi, kwa kilo sita za mchele sufuria tatu zinatosha, au niazime ya nne? Na kama kuna mtu karibu na Kadutu mwenye masinia mawili ya kuazima mpaka Jumapili, aniandikie, nitayafuata mwenyewe.